Historia ya Kufungia Njugu

Inspekta Gathoni hakuwa mlaji wa njugu, na asubuhi hiyo ya Alhamisi, tarehe kumi na tisa Agosti 2004, hata harufu yake ilimkera. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mbao sokoni Myanga. Juu ya meza, njugu za kukaangwa kwa chumvi zilikuwa zimefungwa katika vikaratasi vilivyosokotwa vikawa kama pembe. Alivihesabu. Vilikuwa ishirini na sita, na kila kimoja kilikuwa na mwandiko wa Mwalimu Wepukhulu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na tangu astaafu ualimu alikuwa akizunguka boma kwa boma, Ndalu, Saboti, hadi huku Myanga, akiandika aliyosimuliwa na wazee: nani alihamia wapi, nani alizikwa wapi, rika gani lilitahiriwa mwaka gani. Yalijaa madaftari kumi na tano. Kwa kuwa paa la nyumba yake lilivuja, aliyapeleka yote Maktaba ya Mwangaza mjini Kitale, yakawekwa katika Chumba cha Historia mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuingia akasoma. Jumapili iliyopita alikuja Myanga, akanunua njugu, akazitafuna, akageuza kikaratasi, na kumbe alikuwa anasoma maneno ya marehemu shangazi yake.

"Nilidhani nimeingiwa na wazimu," alimwambia Gathoni. "Nikamwaga njugu chini nikasoma tena. Ni mimi niliandika. Hata siku niliyoandika naikumbuka, mvua ilikuwa inanyesha."

Jambo hilo lilikuwa limemweka mtu ndani. Wiki iliyotangulia, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Mheshimiwa Hesbon Mukhisa, alikuwa ametangaza kanisani na sokoni kwamba mchwa wameingia Chumba cha Historia wakala kila kitu, na mabaki yamechomwa. Watu walisikitika, wakamwombea. Mwalimu alipofika polisi na kikaratasi chake kisicho na hata tundu moja la mchwa, Mheshimiwa hakubabaika. Alisema basi yapo madaftari yaliyoibwa kabla ya moto, na mwizi anamjua. Sellah Nabwile, msaidizi wa maktaba, alikuwa ameondoka kwenda likizo Ijumaa tarehe sita akiwa na gunia. Bawabu alimwona. Na kwao Sellah ni wapi? Ni Myanga.

Ilitosha. Sellah alikamatwa Jumatano jioni. Mkubwa wa Gathoni alitaka faili liwe kwa mwendesha mashtaka saa kumi alasiri ya leo, ili kesho asubuhi msichana asimame kizimbani, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa.

"Mama," Gathoni alimwambia mwenye meza, mwanamke mnene aliyeitwa Mama Wekoye, "hizi karatasi ulizitoa wapi?"

"Kwani karatasi ni makosa? Si hata nyama watu wanafungianga na gazeti?"

"Si makosa. Nataka tu kujua nani alikupa."

"Inakujanga na gunia, madam. Ukinunua gunia ya njugu pale Bungoma unapewa kalatasi ya kufungia. Bule. Yule mwenye hakupi kalatasi, hauendi kwake tena."

"Unamjua Sellah Nabwile?"

"Sellah wa hapo juu? Namujua sana. Si alikuja juzi na gunia..."

Konstebo Kipsang, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa.

"...ya blanketi na sukari," Mama Wekoye alimalizia. "Mtoto wa dada yake anatahiri mwaka huu. Chai ya kumukaribisha ni mimi nilipika."

"Hakukuletea karatasi?"

"Sellah?" Mama Wekoye alicheka mpaka akashika meza. "Huyo ukimurudishia kitabu na doa ya chai hawezi kukusalimia mwezi mzima. Ati aniletee kalatasi nifungie njugu!"

Vijana wawili wa tohara waliojipaka unga walipita barabarani wakipiga njuga, wakielekea kualika wajomba, na nusu ya soko iligeuka kuwatazama. Kipsang alitumia nafasi hiyo kumnong'oneza mkubwa wake.

"Madam, hawa ni watu wa kijiji moja. Lazima amfiche."

"Huenda. Andika alichosema, si unachofikiri."

Chini ya meza palikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi ambazo zilikuwa bado hazijasokotwa. Gathoni alizitoa moja moja. Zilikuwa arobaini na moja. Baadhi zilikuwa zimelowa mafuta hadi wino ukatoka upande wa pili, na moja ilikuwa imepanguziwa sufuria ya samaki. Aliishika kwa ncha za vidole, akaona magamba yamekauka juu ya majina ya watu.

Mwalimu aliiomba akaisoma kwa sauti ndogo. Ilikuwa orodha ya watoto saba waliokufa kwa surua mwaka mmoja, na mahali kila mmoja alipozikwa, kando ya mto ambao sasa umelimwa wote.

"Huyu mama aliyenitajia haya alifariki mwaka jana," alisema. "Nitamuuliza nani tena?"

Gathoni alimpa Mama Wekoye magazeti ya zamani yaliyokuwa ndani ya Land Rover, akamwandikia hati ya kupokea karatasi zake pamoja na zile za njugu zilizokwisha kufungwa, na Mama Wekoye akamimina njugu zake ndani ya karai akilalamika kwamba sasa zitaliwa na nzi.

Walishika njia ya kwenda Bungoma, Kipsang akiendesha, Mwalimu nyuma na karatasi zake mapajani. Hawakuwa wamefika mbali Gathoni aliposikia mtu anatafuna.

"Unakula nini?"

"Njugu, madam. Nilikuwa nimenunua kabla hujaanza kukamata."

Kipsang alitia punje za mwisho mdomoni, akakunja kikaratasi, akakitupa dirishani. Kilifunguka kidogo kwa upepo kilipopita mbele ya macho ya Gathoni.

"Simamisha gari."

"Madam?"

"Simamisha! Mwalimu, madaftari yako yalikuwa na mistari ya namna gani?"

"Ya kulala tu. Daftari za kawaida za shule."

"Hiyo uliyotupa ilikuwa na mistari ya kusimama. Shuka uilete."

Kipsang alirudi nyuma akipekua nyasi za mtaroni kwa rungu, huku wanawake wawili waliokuwa wakipalilia mahindi wakimtazama afisa wa serikali anavyotafuta takataka yake. Aliipata imenata juu ya kinyesi cha ng'ombe cha asubuhi hiyo. Aliirudisha ameishika mbali na mwili, uso umekunjamana.

"Ulitaka ushahidi usafirie wapi?" Gathoni alimuuliza. "Panguza. Polepole, usifute wino."

Haikuwa karatasi ya Mwalimu. Ilikuwa imechapishwa vichwa vinne juu: Tarehe, Jina, Sababu ya Kuja, Maoni. Ilikuwa imechanwa katika kitabu cha wageni cha Maktaba ya Mwangaza. Gathoni aliiweka juu ya faili, akaisoma kutoka juu.

Ijumaa tarehe sita, wanafunzi watatu walikuja kusoma. Chini yao mwandiko mnyoofu ulisema: "S. Nabwile. Naenda likizo. Funguo zote nimempa Mwenyekiti saa kumi na moja." Jumamosi tarehe saba walikuja Nyaruai na Mary Ann, sababu ya kuja, kufuma vitambaa, maoni, "Chumba cha Historia kina jua zuri." Kisha Jumatatu tarehe tisa, mstari mmoja tu, kwa wino wa kijani uliochukua nafasi ya watu wawili:

"Mh. H. Mukhisa, Mwenyekiti. Ukaguzi. Kazi nzuri! Endeleeni kuhifadhi historia yetu."

Kipsang alisoma akiwa ameegemea dirisha.

"Lakini madam, si Mheshimiwa alisema kwa taarifa yake Jumatatu hiyo alikuwa Nairobi?"

"Alisema."

"Na mtu anaenda kuiba, anatia sahihi?"

"Huyu hakujiona anaiba. Alijiona mgeni wa heshima." Gathoni aliingiza karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Katika nchi hii mheshimiwa haendi hata kuona josho la ng'ombe bila kuletewa kitabu cha wageni, akaacha jina na neno la hekima. Mukhisa alikuwa ameingia, ameona kitabu mlangoni, na mkono ukafanya ulichozoea. Baadaye kitabu chenyewe kikabebwa pamoja na takataka nyingine. Gathoni aliwahi kukamata wezi wa ng'ombe waliokuwa na aibu kuliko huyu.

"Basi tumemaliza," Kipsang alisema.

"Tumeanza. Atasema mwandiko umeigwa. Na bado hatujui karatasi zilifikaje kwenye gunia. Twende kwa muuza magunia."

Ghala la Bungoma halikuwa gumu kupata. Mama Wekoye alikuwa ametaja rangi ya mlango tu, buluu, lakini juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa kuliko ya benki: NAFAKA ZA MUKHISA, KITALE NA BUNGOMA. Gathoni aliyatazama muda mrefu. Kipsang alipiga mluzi.

Mwangalizi wa ghala alikuwa mtu mwembamba mwenye vumbi la mahindi kwenye nyusi, jina lake Wabwile. Hakuona sababu ya kuficha lolote, maana hakuna aliyemwambia kuna la kuficha.

"Karatasi za kufungia njugu mnapata wapi?"

"Zamani tulikuwa tunanunua gazeti. Hizi za sasa zilikuja na pikapu ya mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee Mukhisa. Si ndiye mwenye duka?"

"Lini?"

Wabwile aliangalia kalenda ukutani. "Jumanne ile, tarehe kumi. Mimi ndiye nilishusha. Alisema ni takataka ya ofisi, itatusukuma mpaka tohara iishe. Mwezi huu njugu inaenda sana, bana."

"Zilizobaki ziko wapi?"

Ziko nyuma, alisema, na akawapeleka. Rundo lilikuwa limesukumwa kona, chini ya pipa la mafuta ya kupikia lililokuwa likidondoka. Kurasa za juu zilikuwa zimegandana kama ngozi ya maziwa. Gathoni alipozinyanyua kwa kalamu, kitu kilijinyonganyonga. Panya alikuwa ametafuna kiota katikati ya daftari la tisa na kuzaa humo. Vitoto sita, vyekundu, bila manyoya, vilikuwa vimelala juu ya habari za waliohamia Saboti.

Gathoni alitoka nje, akapumua, akarudi. Alipata kadi ya Maktaba ya Mwangaza akiwa darasa la tano, binti wa mkulima wa Saboti ambaye nyumbani kwao kitabu kilikuwa Biblia na kalenda ya mbolea. Bi mkutubi wa wakati huo alikuwa akikagua mikono yao kabla hawajagusa kitu, na mwenye mikono michafu alirudishwa bombani.

"Toa hao wanyama," alimwambia Wabwile. "Kisha tuhesabu pamoja, na utie sahihi."

Karatasi nzima zilikuwa mia moja na kumi na nane. Ukijumlisha na za Myanga ilikuwa mia moja themanini na tano. Mwalimu, aliyekuwa amekataa kukaa, alisema madaftari yote yalikuwa na karatasi mia saba na ishirini.

"Nyingine ziko wapi?" alimuuliza Wabwile.

"Zimeuzika, mzee," Wabwile alijibu kwa upole, kama mtu anayempasha mteja habari mbaya. "Na njugu."

Walifika Kitale saa nane na nusu. Maktaba ya Mwangaza ilikuwa jengo refu la mabati kando ya barabara kuu. Katika ukumbi wa kusomea wanafunzi wa darasa la nane waliinamia vitabu vyao, na kwenye dirisha la mwisho wazee wawili walicheza drafti bila kusema neno, kama walivyocheza kila Alhamisi tangu Gathoni akiwa mtoto. Ila wanawake wa kufuma vitambaa hawakuwa ndani. Walikuwa wamekaa ubaoni kwenye baraza, nyuzi zimewazunguka miguu, vumbi la malori likiwatulia juu ya vitambaa vyeupe.

"Mbona mko nje, cucu?" Gathoni alimuuliza mkubwa wao, bibi kizee Nyaruai, ambaye nusu ya nyumba za Saboti zilikuwa na vitambaa vyake juu ya makochi.

"Tumefukuzwa, mami. Sisi tulikuwa tunakaa Chumba cha Historia. Sasa ati kuna dawa ya mchwa, tutakufa."

"Mchwa mliwaona?"

"Mchwa gani? Jumamosi ile, tarehe saba, mimi niliingia humo kuchukua kile kitabu cha mitindo ya kufuma. Nilipanda kiti. Madaftari ya Mwalimu yalikuwa hapo, yote, na kamba yake. Nikatoa vumbi na leso yangu."

"Sellah alikuwepo?"

"Sellah alikuwa ameenda kwao jana yake. Mwenyekiti mwenyewe ndiye alitufungulia. Akatuambia tufume mbio mbio, ana wageni." Nyaruai aliinua sindano yake ya kufumia akaielekeza kwenye dirisha la pembeni. "Enda uone wageni wenyewe."

Gathoni aliweka viganja kwenye kioo akachungulia. Chumba cha Historia kilikuwa kimejaa magunia ya njugu kutoka sakafuni hadi kwenye dari. Rafu zilikuwa zimeng'olewa na kutandikwa chini ili magunia yasipate unyevu. Kwenye moja bado ilionekana karatasi iliyobandikwa na Sellah: "Tafadhali nawa mikono. Hawa ni watu wetu."

Mlango wa mbele wa chumba hicho, uliokuwa umezibwa miaka yote, sasa ulifunguka moja kwa moja barabarani, na juu yake mchoraji alikuwa ameanza herufi za NAFAKA kwa rangi ya buluu. Kumbe ilikuwa hii tu. Hapakuwa na siri nzito wala adui wa zamani. Mtu alitaka duka linalotazama barabara.

Mheshimiwa Hesbon Mukhisa aliwapokea ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuongoza harambee, na picha zake akikabidhi vitabu zilijaa ukutani.

"Karibu, binti yangu. Hii maktaba ni mtoto wangu, unajua. Nimeumia sana."

"Pole, Mheshimiwa. Nisaidie na tarehe tu, nifunge faili. Sellah aliondoka lini?"

"Ijumaa, tarehe sita. Na gunia."

"Funguo alimwachia nani?"

"Bawabu. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Nairobi kwa mkutano, kutoka Alhamisi mpaka Jumatano."

"Kwa hivyo Jumamosi hukuwa hapa kufungulia mtu."

"Ningefunguaje nikiwa Nairobi?"

"Wala Jumatatu, tarehe tisa."

"Wala Jumatatu. Kwani mimi ni malaika niwe huku na kule?" Alicheka, na Kipsang akaandika hata kicheko.

"Uliporudi ulikuta nini?"

"Uharibifu! Mchwa upande huu, rafu tupu upande huu. Nikasema, hebu kilichobaki kichomwe kabla hawajaingia ukumbini. Niliwaonyesha watu majivu. Unajua, Inspekta, jamii isiyosoma imepotea. Hilo nalisemanga kila mahali."

Gathoni aliachia maneno hayo yapite. Yalikuwa na harufu ile ile ya pipa la Bungoma.

"Nimeona pale mlangoni hakuna kitabu cha wageni," alisema.

"Hata hicho alibeba, huyo msichana. Fikiria!"

"Ndiyo maana tumewaletea kipya." Kipsang alitoa ndani ya mfuko kitabu kirefu chenye jalada jekundu, walichonunua mjini dakika ishirini zilizopita, akakifungua mezani. "Mtu wa kukifungua rasmi ni mwenyekiti, naona," Gathoni aliongeza.

Uso wa Mukhisa ulichangamka kweli. Alivuta kiti karibu, akakunja kidogo mkono wa koti, akatoa mfukoni kalamu nene ya dhahabu. Wino ulikuwa wa kijani. Hakuuliza aandike nini. Alijaza tarehe na jina, akatanua herufi hadi mstari wa pili, akaandika "Ukaguzi", akafikiri kidogo, kisha upande wa maoni akaandika: "Kazi nzuri! Endeleeni kuhifadhi historia yetu." Alipuliza wino ukauke.

Gathoni alitoa bahasha ya kaki. Akailaza karatasi ya Kipsang kando ya ukurasa mpya, mstari kwa mstari, ingali na alama za mikunjo, madoa ya chumvi na ukingo wa kijani kibichi ambao haukuwa wino.

"Soma tarehe, Mheshimiwa."

Mukhisa alisoma. Aliisoma mara mbili, maana macho yalirudi juu.

"Hii... mtu ameiga mwandiko wangu."

"Akaiga, akaifungia njugu zako, akaziuza Myanga, ili konstebo wangu azinunue?"

"Kuna watu hawanipendi hapa Kitale."

"Wabwile anakupenda. Ametia sahihi kwamba pikapu yako ilileta mzigo Jumanne tarehe kumi. Mama Nyaruai amesema ulimfungulia mlango Jumamosi, na madaftari yalikuwepo. Sellah alikuwa Myanga anapanga blanketi."

Kutoka ukumbini ilisikika kete ya drafti ikigongwa ubaoni. Kisha sauti ya harambee ikamtoka Mukhisa, ikabaki ile ya sokoni.

"Lakini Inspekta, tuongee kama watu wazima. Ni madaftari ya shule tu, bana. Nani alikuwa anasoma? Watu watatu kwa mwezi na wamama wa vitambaa. Chumba kizima, kwa barabara kuu! Na mimi ningejuaje? Ati mtu wa Myanga ananunua njugu, anasoma karatasi?"

"Mimi nasoma," Mwalimu Wepukhulu alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amekumbatia rundo lake lenye harufu ya mafuta na panya. "Sisi tulikua bila maktaba, Hesbon. Kila karatasi iliyofunga sukari tuliisoma. Na wewe nilikufundisha hivyo, darasa la tatu, ukiwa huna kitabu."

Mukhisa hakugeuka kumtazama. Alichukua kalamu yake, akaifunga kifuniko taratibu, akaitia mfukoni.

"Lakini msichana mnaweza kumwachilia," alisema. "Mimi sina neno na Sellah. Tuseme ni mchwa tu."

Gathoni alikuwa ameona maiti mtoni, na akina baba waliouza shamba likiwa na makaburi ya wazazi wao, lakini jambo hili hakuwa amewahi kuliona. Mtu huyu alikuwa tayari kumfunga msichana kwa ajili ya njugu, na sasa alimsamehe kwa ajili hiyo hiyo, kwa sauti ile ile.

"Inuka," alisema. "Na hiyo kalamu nipe. Ni kielelezo."

Saa kumi kasoro dakika kumi walikuwa kaunta ya kituo. Faili lilikuwa mikononi mwa Gathoni, jina la Sellah limekatwa kwa mstari wa rula, la Mukhisa limeandikwa juu yake. Mlango wa seli ulifunguliwa, akatoka Sellah Nabwile bila viatu, sketi imekunjamana, alama ya sakafu ya saruji shavuni. Aliona Mwalimu, akaona rundo alilokumbatia.

"Ngapi zimepatikana?" aliuliza, kabla ya kuuliza lolote kuhusu nafsi yake.

"Mia moja themanini na tano," Mwalimu alimjibu.

Sellah alifumba macho akapiga hesabu, na hesabu ilionekana usoni. Akachukua karatasi ya juu, ile ya watoto saba, akaanza kung'oa gamba la samaki kwa ukucha, pole pole, ili jina lisitoke nalo. Alifanya hivyo hapo hapo kaunta, machozi yakimtiririka, mpaka Kipsang alipomsukumia kitabu cha mali ya mahabusu ili apokee vitu vyake. Viatu, mshipi, leso. Akatia sahihi.

Kipsang aligeuza kitabu hicho hicho upande wa pili, kwa Mukhisa. Saa ya mkono, pochi, mshipi, simu. Akampa biro ya kituo iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari. Mukhisa aliandika tarehe. Akaandika "Mh. H. Mukhisa, Mwenyekiti", herufi zikapungua kwa sababu uzi ulikuwa mfupi. Kisha, bila yeye mwenyewe kujua, mkono uliendelea kuelekea kulia, ukatua kwenye nafasi nyeupe, ukangoja.

Kipsang aliweka kidole juu ya nafasi hiyo.

"Hapa hakuna maoni, Mheshimiwa," alisema. "Toa viatu."